Si Kila Kifo cha Kompyuta ni cha Umeme

Pamba ikishauzwa na malipo yakafika mikononi, Simiyu huingia msimu wa harusi. Maswa, Meatu, Itilima, Busega na Bariadi yenyewe, Jumamosi haipiti bila turubai na spika zinazosikika mtaa wa tatu. Mpiga picha wa siku hizi haulizwi albamu. Anaulizwa video: iliyokatwa vizuri, yenye rangi za kupendeza, yenye majina ya kamati nzima bila kumsahau mweka hazina, na itoke upesi. Laptop ya kawaida inaelemewa na kazi hiyo. Ndiyo maana wapo vijana wa Bariadi wanaojiundia kompyuta za mezani wenyewe, kifaa kimoja kimoja kadiri pesa inavyopatikana: keisi kutoka Mwanza, prosesa na mazabodi kutoka Kariakoo, kadi ya grafiki iliyokwisha kutumika Dubai, na YouTube ya kuwaonesha kipi kinachomekwa wapi.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Mashine yake iliwaka alipobonyeza swichi kwa mara ya kwanza, akanitumia picha. Haukupita muda simu zikaanza.

"Shikamoo mjomba. Ile kompyuta imezima tena."

"Marahaba. Imezimaje?"

"Imezima tu, mjomba. Niko katikati ya kazi, mara imeenda."

"Kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini?"

"Hakuna cha ajabu. Umeme wa huku si unaujua?"

Umeme wa huku. Kila aliyemwomba ushauri alianzia hapo, kisha akaongeza dawa yake. Mmoja alimwambia anunue stabilaiza, akanunua. Mwingine alisema apige window upya, akapiga, na faili za harusi ya watu zikapotea. Wa tatu akasema pawa saplai ni feki, atafute nyingine. Sina ugomvi na ushauri huo. Kila mmoja ungeweza kuwa sahihi kwa mashine fulani. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mashine ilikufaje.

Maana kompyuta hazifi kwa namna moja. Kuna giza la papo hapo: skrini, feni na taa zote zinakwenda kwa mpigo, kama mtu amechomoa waya. Hapo unaanza kushuku njia ya umeme, kuanzia ukutani mpaka ndani ya pawa saplai, au kifaa kinachogusana na bati la keisi mahali kisipotakiwa. Kuna skrini ya bluu, ambayo ni jambo tofauti kabisa: umeme upo, mashine iko hai, ila Windows imeona kitu kisichowezekana na ikaamua kusimama kabla haijaharibu zaidi. Halafu kuna kuganda, picha imetulia na sauti inarudia kipande kile kile, ambako mara nyingi kunahusu kadi ya grafiki, draiva zake, rami au diski. Na kuna programu moja tu inayojifunga huku nyingine zikiendelea kama kawaida. Anayesema "imezima" kwa hali zote nne amejifungia mlango wa kupata jibu.

Kwa bahati mbaya Windows yenyewe husaidia kuficha ushahidi. Ilivyowekwa kiwandani, ikipata skrini ya bluu hujiwasha upya yenyewe, wakati mwingine upesi mno kiasi kwamba mtu aliyegeuka kuchukua chai anarudi na kukuta mashine inaanza, naye anaapa kwamba umeme ulikatika. Jambo la kwanza nililomwambia mpwa wangu ni kuzima hiyo tabia ya kujiwasha, ili skrini ya bluu ikija ibaki imesimama mpaka apige picha kwa simu. La pili, aweke daftari kando ya kibodi: saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, namna mashine ilivyokufa, na kama taa ya chumbani ilitetereka.

Mtu akiingia kwenye kumbukumbu za matukio za Windows baada ya ajali kama hiyo, atakuta mstari unaoitwa Kernel-Power 41. Wengi wakiona neno "Power" hukimbilia dukani kununua pawa saplai. Mstari huo hausemi chanzo. Ni taarifa ya msiba tu: mashine ilizimika bila kuagwa. Chenye maana ni namba iliyo ndani yake, kwenye sehemu ya BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika chochote, basi ama umeme ulipotea, ama mashine iliganda mtu akaizima kwa kidole. Ikiwa ni 26, hiyo ni hitilafu ya usimamizi wa kumbukumbu. Ikiwa ni 292, vifaa vyenyewe vimelalamika, na prosesa au umeme wake huwa karibu na kesi. Namba moja hiyo, ambayo haigharimu hata shilingi, ingemwokolea mpwa wangu bei ya stabilaiza.

Au pengine isingemwokolea, kwa sababu daftari lilipoanza kujaa lilionesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mashine ilikuwa inakufa kwa namna mbili. Baadhi ya mistari ilikuwa ya giza la ghafla, namba 0, na karibu yote ya mchana. Mingine ilikuwa ya skrini ya bluu, usiku, wakati wa kutoa video iliyokwisha kuhaririwa, na kila mara ujumbe ulikuwa tofauti. Maradhi mawili katika mwili mmoja. Ndiyo maana kila dawa ilionekana kufanya kazi kidogo halafu kushindwa, na kila mshauri akaonekana mwongo.

Tukaanzia ukutani. Vitabu na video za Ulaya na Marekani humwambia mtu aanze na rami, kwa sababu huko soketi ya ukutani haina historia. Kwetu ina historia ndefu. Umeme wa Tanzania umepangwa kuwa volti 230 na hezi 50, yaani wimbi moja la umeme huchukua milisekunde 20. Viwango vya utengenezaji vinaitaka pawa saplai nzuri iibebe kompyuta kwa takriban milisekunde 17 umeme ukitoweka. Maana yake umeme ukikosekana kwa wimbi moja tu, muda ambao jicho linaweza lisione taa ikicheza, kompyuta yenye kazi nzito inaweza kuanguka. Kwa hiyo yule anayesema "taa iliendelea kuwaka, basi si umeme" hajathibitisha kitu, sawa na yule anayelaumu Tanesco kabla hajashika mita.

Mtaani kwake kuna mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea mageti. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishashika mwendo, na nyumba zilizo kwenye transfoma hiyo hiyo, hasa za mwisho wa laini, huona volti zikishuka. Pawa saplai nyingi za kisasa zenye ubora hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo haziyumbi kirahisi. Zile za bei rahisi, zenye swichi nyekundu mgongoni ya kuchagua 115 au 230, zina uvumilivu mdogo zaidi. Swichi hiyo, kwa njia, isichezewe: ukiiweka 115 kwenye umeme wetu utasikia mlio na kunusa harufu, na hapo tatizo la kuzimazima litakuwa limekwisha milele.

Ya mpwa wangu haikuwa ya swichi nyekundu. Tulipopima kwenye soketi ya ukutani, mita ilisoma vizuri na kutulia. Tulipopima kwenye ekstensheni iliyojificha nyuma ya meza, mashine ikiwa kazini, namba zikaanza kurukaruka. Ekstensheni hiyo ilibeba kompyuta, skrini, chaja, spika na, mchana, pasi ya dada yake. Tundu la kompyuta lilikuwa limelegea na kuingia rangi ya kahawia kwa joto. Yale maangamizi ya mchana yalikuwa yanatokea pale pasi ilipochomekwa. Tanesco hawakuhusika, na mashine ya kusaga haikuhusika. Ilikuwa ekstensheni ya bei ya soda kadhaa, na stabilaiza aliyoinunua kwa pesa nyingi ilikuwa imechomekwa hapo hapo, nayo ikisubiri umeme kutoka tundu lile lile bovu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo alilizoea hata akaacha kulitaja: akigusa bati la keisi akiwa miguu peku, lilikuwa linamtekenya. Nyumba nyingi zimefungwa soketi za matundu matatu ambazo tundu la juu halina waya wa athi nyuma yake, au lina waya lakini chuma cha chini ardhini hakikufukiwa. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vinavyopeleka umeme mdogo sana kwenye athi. Athi isipokuwepo, umeme huo unabaki kwenye bati. Kwa kawaida hauui, lakini haumfurahishi mtu, na hauzipendezi bandari za USB wala nyaya za spika. Fundi umeme alifukia chuma cha athi, mtekenyo ukaisha. Naongeza onyo moja hapa kwa sababu nimeona watu wakifanya: pawa saplai haifunguliwi nyumbani kutafuta kilichoungua. Kapasita zake hubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa.

Kuhusu UPS, ambayo kila mtu atakushauri ununue, nasema ndiyo, lakini usome maandishi madogo. Ile ya VA 650 iliyojaa madukani haitoi wati 650. Nyingi ziko chini ya 400, na kompyuta yenye kadi kubwa ya grafiki inaweza kuzidi hapo. UPS iliyoelemewa huzima mashine siku umeme unapokatika, yaani siku ile ile uliyoinunulia. Tena baadhi ya UPS za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa zikilipokea hukataa na kujifunga. Mtu anaishia na vifaa viwili vizima visivyopatana.

Joto na vumbi sitavitolea nafasi kubwa, ingawa najua msomaji wa Simiyu anavisubiri. Kiangazi cha kule kina vumbi la kutosha kuziba feni yoyote, na keisi lazima ipulizwe. Lakini prosesa ya kisasa ikipata joto, kwenye nyuzi 90 au 100 hivi, kwanza hupunguza mwendo. Kuzima huja baadaye kabisa. Kompyuta mpya inayozima kwa joto dakika chache baada ya kuwaka huwa na kosa la kuunganishwa: kipoozeo hakijakaa sawa, au karatasi ya plastiki iliyokuja chini yake haikubanduliwa. Aliyenunua mashine ikiwa imeshaunganishwa Mwanza na kuisafirisha kwa basi, kupita Magu hadi Lamadi na kukata kulia kwenda Bariadi, na matuta yote ya njiani, afungue keisi kabla hajawasha na asukume kila plagi ya waya, kila rami na kadi ya grafiki mpaka asikie imeshika.

Ekstensheni ikatupwa. Giza la mchana likakoma. Skrini za bluu za usiku zikaendelea kama vile hakuna kilichofanyika.

Skrini ya bluu yenye ujumbe unaobadilika kila mara ni dalili ambayo mafundi wazoefu huisoma haraka: programu moja mbovu hurudia kosa moja, lakini rami yenye walakini huharibu chochote kilichokaa juu yake wakati huo, leo draiva, kesho faili la video. Na rami si kitu cha kuaminiwa kwa sababu tu ni kipya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wahandisi wa Google pamoja na Chuo Kikuu cha Toronto, uliofuatilia kompyuta za Google kwa takriban miaka miwili na nusu, ulikuta kwamba rami 8 hivi kati ya 100 zilipata kosa angalau moja kwa mwaka. Zile zilikuwa rami za seva zenye uwezo wa kujisahihisha. Za kwetu za nyumbani hazina uwezo huo. Zikikosea, zinakosea kimya.

Hata wakubwa hupatwa. Oktoba 2022, Linus Torvalds, mtu aliyeanzisha Linux, alikuta kompyuta yake ya mezani inamletea makosa ya ajabu baada ya kutulia kwa miaka miwili na nusu. Alishuku kwanza kwamba ni programu yake mwenyewe, akawasha toleo la zamani la Linux kulinganisha, kisha akaacha Memtest86+ ikipima usiku kucha. Rami moja ilikuwa imeharibika. Namtaja kwa sababu ya utaratibu wake. Mtu anayeijua mashine kuliko karibu kila binadamu hakubahatisha; alilinganisha, akapima, ndipo akasema.

Memtest86+ ni ya bure. Inawekwa kwenye flashi, kompyuta inawashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila Windows, na inaandika na kusoma kila sehemu ya rami kwa mitindo mbalimbali mpaka uisimamishe, na kila kosa huonekana kama mstari mwekundu. Mstari mwekundu hata mmoja ni mwingi. Mpwa wangu alipima rami zake mbili zikiwa pamoja, nyekundu ikatokea. Akafurahi, akataka kumpigia muuzaji. Nikamwambia apime moja moja kwanza. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Akazirudisha pamoja, nyekundu tena.

Hapo ndipo hadithi ya kununua kidogo kidogo inapoingia. Rami ya kwanza aliipata Mwanza. Ya pili, miezi baadaye, iliagizwa kutoka Dar es Salaam. Zote zimeandikwa DDR4, zote 3200 kwenye stika, lakini watengenezaji tofauti. Watu wengi hawajui kwamba namba ya kwenye stika mara nyingi si mwendo wa kawaida wa rami. Rami nyingi za DDR4 za aina hiyo, zikiachwa zenyewe, huanza na 2133, 2400 au 2666 kwa volti 1.2. Ili zifike 3200, mtu huingia kwenye bayosi na kuwasha profaili iitwayo XMP, ambayo hupandisha mwendo na volti hadi 1.35. Video za YouTube humwambia kila mtu aiwashe, na nyingi ni sahihi, kwa jozi iliyouzwa pamoja kwenye pakiti moja. Rami mbili za ukoo tofauti zinaweza kila moja kumudu mwendo huo peke yake, zikashindwa zikiwa pamoja. Tukazima XMP. Memtest86+ ikakesha bila mstari mwekundu.

Kuna wakati ambapo hata hatua hiyo haitoshi, na mkosaji ni yule asiyeshukiwa kamwe. Mwaka 2024 dunia nzima iliona kisa hicho. Wenye kompyuta mpya zenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile kubwa, walikuwa wakipata mianguko isiyoeleweka. Michezo ilijifunga na kutoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha, watu wakabadilisha kadi, wakabadilisha draiva, wakabadilisha rami. Mwishowe Intel ilikiri kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volti kubwa mno na kujidhoofisha polepole. Agosti mwaka huo ikatoa marekebisho ya ndani yaliyopewa namba 0x129, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo huzuia madhara, hayamponyi aliyekwisha kuumia. Kwa hiyo ukiona sokoni prosesa ya vizazi hivyo iliyotumika, bei inang'aa, uliza kwanza.

Dawa ya kisa hicho hupitia kwenye bayosi, na kusasisha bayosi ni kazi ambayo Bariadi ina sharti lake: usiifanye bila UPS yenye nguvu ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya zile dakika chache, mazabodi inaweza isiamke tena, na utakuwa umeua mashine wakati ukiitibu.

Nikifikiria fedha zinazopotea kwa kubahatisha, nakumbuka kwamba nchi yetu imewahi kupitia jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye mfumo wa hesabu za serikali ulioendeshwa kwa kompyuta ukavurugika, hesabu zikarudishwa kwenye mikono na madaftari, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Uhaba wa fedha za kigeni nao ulikuwa na sauti katika uamuzi huo, na sitaki kuwahukumu waliokuwa na nchi changa ya kuendesha. Lakini kulikuwa na uchache wa wataalamu wa ndani wa kusema kwa uhakika kama ubovu uko kwenye mashine, kwenye mpango wa kazi au kwa waendeshaji. Mashine zote zikafungiwa mlango.

Baada ya XMP kuzimwa, mpwa wangu alinipigia kuuliza kama arudishe rami ya pili dukani, maana risiti anayo. Alishampigia muuzaji, na muuzaji amemwambia ailete, ataipima mbele yake.

"Ataipima peke yake," nikamwambia, "na itapita."

"Kwa hiyo hana kosa?"

"Hana. Na wewe huna kifaa kibovu."

Alinyamaza kidogo, akauliza anapoteza nini kwa kubaki 2666. Kwa kazi ya kuhariri, si kikubwa. Video ya saa moja itachelewa kidogo kutoka. Anaweza kujaribu 2933 na kuipima usiku kucha, ikikubali aiache hapo. Au auze zote mbili na kununua jozi moja iliyofungwa pamoja. Alisema ataifikiria jozi mwezi Septemba. Kwa sasa ana harusi tatu za kutoa, na stabilaiza ameshampata mtu wa Itilima anayeihitaji kwa ajili ya friji.